Wageni Walioamka Saa Saba ya Usiku

Mama mdogo alinipigia simu saa saba na robo ya usiku. Simu ya saa hizo kutoka nyumbani mara nyingi huwa ya msiba, kwa hiyo niliipokea nikiwa nimeshakaa kitandani, moyo unanidunda. Nikamwamkia. Hakuitikia. Akaniuliza tu, "Mwanangu, hivi huko kwenye tovuti umewaandikia nini hawa Wazungu?"

Wageni wake wawili, mtu na mkewe kutoka Ujerumani, walikuwa wamesimama uani kwake Tukuyu na mabuti, makoti ya mvua na tochi za kichwani, wakimsubiri kijana wa kuwapandisha mlimani hadi Ziwa Ngozi. Mlinzi alikuwa amewazuia getini akidhani wanatoroka bila kulipa. Wakamwonyesha simu. Kwenye simu ulikuwa ukurasa wetu wenyewe, kwa Kiingereza, na ulisema safari ya ziwani inaanza saa ileile.

Kwa Kiswahili nilikuwa nimeandika: "Tunaondoka saa 1 asubuhi." Mtu yeyote wa Tukuyu, Makambako au Iringa mjini akisoma hapo anajua jua limeshachomoza na chai imeshanywewa. Sisi hesabu ya saa inaanza na mapambazuko. Ya Mwingereza inaanza usiku wa manane. Mashine iliikuta 1, ikaiacha 1. Ikalikuta neno asubuhi, ikaweka AM, zile herufi mbili za saa za kabla ya adhuhuri. Hakuna neno lililobaki bila kutafsiriwa, na wageni wakaamka saa sita nzima kabla ya wakati wao, kwenye baridi ya Rungwe na mvua inanyesha.

Mama mdogo aliwachemshia chai ya tangawizi, akawaomba radhi kwa mikono na kwa uso, wakarudi kulala. Asubuhi walipanda na kijana wao vizuri. Walikuwa waungwana mno. Mimi sikulala tena, nilifungua laptopu, na kwa mara ya kwanza nikausoma ukurasa wa Kiingereza wa tovuti niliyoijenga kwa mikono yangu.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko mengine yote: nilikuwa sijausoma.

Nina chumba cha kazi hapa Mbeya, Mwanjelwa. Natengeneza kadi za harusi, mabango, na siku hizi tovuti ndogondogo kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti. Mama mdogo ana nyumba ya wageni ya vyumba tisa Tukuyu. Alinisimulia yeye, nikaandika jinsi alivyosimulia, kwa Kiswahili chake kizuri. Baadaye kijana anayeongoza wageni akashauri tuweke na Kiingereza, kwa sababu wageni wengi wa nje wanaokwenda ufukwe wa Matema hupita pale barabarani bila kujua kuna pa kulala. Nikatafuta plagini ya kutafsiri, yaani programu ndogo inayochomekwa kwenye WordPress. Niliyoipata ilikuwa na orodha ndefu ya lugha na kisanduku cha kuweka tiki mbele ya kila moja. Nikaweka tiki kwenye Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kichina. Hazikupita dakika kumi, tovuti ikawa na lugha tano. Nikamtumia mama mdogo linki, naye akaisambaza kwa akina mama wenzake wa kanisani. Tulifurahi wote.

Usiku ule nikaanza kuona kilichokuwa chini ya furaha ile. Nilikuwa nimeandika, "Ukifika juu, Ngozi inaonekana yote chini yako." Wenyeji wengi hulitamka ziwa hilo Ngosi, na kwenye maandishi utakuta yote mawili. Mashine haikuwa na habari na ziwa. Ilichukua ngozi ya mwili, ikamwambia mgeni kwamba akifika juu ataona ngozi nzima imetandazwa chini ya miguu yake. Aya ya juu yake jina lilikuwa limesalimika kwa sababu lilitanguliwa na neno Ziwa. Kwa hiyo msomaji alikutana na ziwa lenye jina, halafu mistari miwili mbele akakutana na ngozi ya kiumbe asichojua ni nini.

Nikaendelea. Stendi ya Nane Nane, ambako mtu wa Mbeya anapandia gari la Tukuyu, ilikuwa imegeuzwa namba mbili, nane na nane. Mgeni angemuuliza nani mahali hapo? Jina lile linatokana na sikukuu ya wakulima ya tarehe 8 Agosti na viwanja vya maonyesho vilivyo jirani. Likitafsiriwa linapotea lote, na mgeni anapotea nalo. Chai ya rangi ikawa chai iliyotiwa rangi. Ndizi nyama ikawa nyama ya ndizi. "Chumba self", neno ambalo kila dereva wa lori anayekwenda mpaka wa Kasumulu analielewa, halikuwa na maana yoyote, maana kwetu ni chumba chenye choo na bafu ndani, na kwa Mwingereza neno hilo peke yake limekatika njiani. Na kifungua kinywa, ambacho mama mdogo anakitoa kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kilikuwa kinatolewa kuanzia saa sita ya usiku mpaka saa tisa.

Sisemi mashine ni mbaya. Huduma ya tafsiri ya Google ilianza kuwa na Kiswahili mwaka 2009, na tangu hapo imekua kweli. Ukiipa sentensi ya habari za serikali au za mpira inakurudishia kitu safi. Lakini maneno ya nyumba ya wageni ni maneno ya mdomoni. Yameshikana na mahali, na aliyeyasema anategemea kwamba anayesikia yuko mahali hapohapo.

Asubuhi niliizima plagini ile na kuanza kujifunza nilichopaswa kujifunza mwanzo: plagini hizi hazifanani. Zipo zinazoweka tu kitufe, mgeni akibonyeza maneno yanabadilika kwenye simu yake. Ukurasa wa lugha ya pili haupo mahali popote, na mtu anayetafuta malazi kwa Kiingereza kwenye Google hawezi kuuona. Zipo kama TranslatePress, ambazo zinatunza kila kipande cha maandishi na tafsiri yake kwenye hifadhidata ya tovuti yako, nawe unarekebisha ukiwa unautazama ukurasa wenyewe. Halafu ipo Polylang. Hii katika toleo lake la bure haitafsiri neno hata moja. Inakupa ukurasa mtupu wa lugha ya pili na kuufunga na ule wa kwanza, basi. Mwanzoni niliiona kama imenipunja. Baada ya siku mbili nikaichagua, kwa sababu ukurasa mtupu unakulazimisha ukae uandike.

Gharama haikuwa sababu. Tovuti nzima ilikuwa kurasa 12, kama herufi 30,000 hivi kwa lugha moja. Huduma ya Google ya kutafsiri kwa programu hutoza dola 20 kwa herufi milioni moja, na herufi 500,000 za kwanza za kila mwezi ni bure. Ningeweza kutafsiri tovuti ya mama mdogo mara kumi na sita kila mwezi bila kulipa senti. Kilichokuwa ghali ni mtu wa kusoma.

Upande wa pili wa kazi hii hausemwi sana, nami nataka kuusema: kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Mandhari ya WordPress, yaani muundo wa sura ya tovuti, na programu ya kupokea maombi ya vyumba vilikuja na maneno yake madogomadogo ya Kiingereza, ya kwenye vitufe na fomu. Mashine iliyageuza. Kitufe cha kushika chumba kikaandikwa "Kitabu Sasa", kwa sababu kwa Kiingereza neno la kitabu na la kuweka nafasi ni moja. Kitufe hicho kilikaa pale wiki tatu. Kila Mswahili aliyeingia alikiona, na hakuna aliyetuambia. Hilo nimelifikiria sana. Tumezoea kukutana na Kiswahili kibovu kwenye mashine, kwenye maelekezo ya dawa, kwenye fomu, kiasi kwamba hatustuki. Tunapita, tunabahatisha maana, tunasonga mbele.

Nikafungua faili la maneno hayo kwa Poedit, programu ya kurekebishia tafsiri, nikaanza moja moja. Kwenye sentensi nyingi kuna alama ya asilimia na herufi s, mahali ambapo programu itachomeka jina au namba. Mashine ilikuwa imeziharibu alama hizo mahali pawili, na hapo ukurasa ulikuwa hautokei vizuri. Hiyo nilirekebisha upesi. Neno lililonikalisha jioni nzima ni lile la kusema kitu bado kinapatikana. Kwa Kiingereza ni neno moja, na programu inalitumia kila mahali: kwa chumba, kwa kitanda, kwa gari, kwa safari. Kwa Kiswahili chumba kinapatikana, gari linapatikana, safari inapatikana, vyumba vinapatikana. Aliyetengeneza programu alikuwa na lugha isiyo na ngeli kichwani, akatoa nafasi ya neno moja. Nilijaribu "ipo", ikakataa kukaa na chumba. Nilijaribu "tayari", likawa na maana nyingine. Mwisho nikaandika "Nafasi ipo", na pale ambapo hakuna, "Pamejaa". Zote zinakaa na kitu chochote, kwa sababu haziongelei kitu chenyewe. Usiku ule nililala vizuri.

Na kile kitufe cha kitabu? Nilikuwa nimeshaandika "Weka Nafasi", neno sahihi kabisa, nikaenda Tukuyu kumwonyesha mama mdogo. Akalitazama kwa muda.

"Hakuna anayenipigia akasema anaweka nafasi," akasema.

"Wanasemaje, mama?"

"Wanasema, 'Shikamoo mama, chumba kipo?' Mimi nasema marahaba, kipo. Basi."

Nikabadilisha. Sasa ukurasa wa Kiswahili una kitufe kilichoandikwa "Uliza kama chumba kipo", na ukikibonyeza simu inampigia mama mdogo moja kwa moja. Hakuna fomu. Kwenye ukurasa wa Kiingereza fomu ipo, yenye tarehe na idadi ya watu, kwa sababu mgeni wa Ujerumani hapendi kupiga simu asiyojua itapokelewa kwa lugha gani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nahangaika na swali dogo. Nilikuwa nauliza neno hili kwa Kiingereza ni nini, kumbe msomaji mwenyewe alikuwa tofauti. Nikamwomba mama mdogo aweke daftari karibu na simu, na kwa wiki mbili aandike kila swali analoulizwa. Daftari lile ninalo mpaka leo. Wanaopiga kwa Kiswahili waliuliza: Lori linaingia uani? Maji ya moto ni ya bombani au ya ndoo? Mnatoa risiti ya EFD? Hilo la risiti ya mashine ya kodi liliulizwa na karibu kila mtumishi anayekuja semina, maana bila risiti ofisini kwake hesabu hazifungi. Mmoja aliuliza kama wanaweza kulala watu kumi wa msibani vyumba vinne. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za Ziwa Ngozi, ambalo ndilo lililojaa ukurasa wa mbele.

Wa Kiingereza, kwa ujumbe, waliuliza wanafikaje kutoka uwanja wa ndege wa Songwe, njia ya ziwani ina tope kiasi gani, mwongozaji analipwa nani, na kama mwezi wa saba wanahitaji koti zito. Wengine walitaka kuunganisha na Hifadhi ya Kitulo kuona maua.

Nikaacha kabisa kutafsiri. Niliandika ukurasa wa mbele mara mbili, kila mmoja kwa mtu wake. Wa Kiswahili unaanza na bei, maegesho, maji ya moto na risiti. Wa Kiingereza unaanza na njia: shuka Songwe, nenda stendi ya Nane Nane (nimeliacha jina kama lilivyo na kueleza kwa sentensi moja ni stendi ya mabasi), panda gari la Tukuyu, kwenda kusini. Saa nimeandika kwa mkono kila upande: saa 1 asubuhi huku, 7:00 kule. Plagini inajua kwamba kurasa hizi mbili ni ndugu na inaiambia Google hivyo kupitia alama ya hreflang. Kazi hiyo inaifanya vizuri, nami naiachia.

Mengine yalikwenda haraka. Bendera zilizokuwa mbele ya kila lugha niliziondoa, kwa kuwa Kiswahili kikipewa bendera ya Tanzania Mkenya ataona hakimhusu, na Kiingereza sikujua nikipe ya nani. Sasa kila lugha imeandikwa kwa jina inalojiita yenyewe. Orodha ya bei iliyokuwa picha niliiandika upya kwa maandishi, kwa sababu picha haitafsiriki na inakula bando la mgeni. Kifaransa na Kichina nilivifuta, sina anayeweza kuvisoma. Kijerumani nacho nilikifuta, ingawa roho iliniuma. Wajerumani wana historia ndefu na huku. Wamisionari wao wa Kanisa la Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Tukuyu yenyewe Wajerumani waliiita Neu Langenburg, na mpaka leo wapo wanaokuja kutafuta nyayo za babu zao. Baadaye dada mmoja Mjerumani aliyekuwa anajitolea hapa Mbeya alikubali kuandika ukurasa mmoja tu, wa njia na wa saa. Huo upo.

Kosa moja lilikuja baada ya kila kitu kunyooka, na lilikuwa langu. Bei ya vyumba ilipanda Januari. Nikaibadilisha kwenye Kiswahili nikiwa kwenye simu, nikiwa na haraka, nikasahau Kiingereza. Polylang niliyo nayo hainakili maandishi kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine; kila mmoja unasimama peke yake. Mwezi wa pili wakaja vijana watatu na bei ya zamani kwenye simu zao. Mama mdogo aliwapa kwa bei ile ile waliyoisoma, siku nne zote, na hakunilaumu. Alisema, "Neno likishatoka nyumbani kwangu ni langu." Tofauti nilitaka kumlipa, akakataa. Tangu siku hiyo bei, saa na namba ya simu vinakaa sehemu moja kwenye tovuti, na kurasa zote zinachota kutoka hapo. Kingine chochote kinaweza kupitwa na wakati kidogo bila kumuumiza mtu. Hivyo vitatu haviwezi.

Kuna kazi ambayo bado iko mezani. Polylang inakuruhusu kuongeza lugha yoyote, hata ambayo haimo kwenye orodha yake, mradi uipe jina na alama. Kinyakyusa kina alama yake ya kimataifa, nyy. Niliiingiza siku moja nikiwa najaribu tu, na jina la lugha likatokea juu ya ukurasa karibu na Kiswahili. Nilimwonyesha bibi, mama yake mama mdogo. Hajui kusoma Kiingereza na Kiswahili anakisoma polepole, lakini aliligusa lile neno kwenye kioo cha simu kwa kidole, ukurasa mtupu ukafunguka, akauliza, "Sasa maneno yako wapi?"

Tumeanza. Jumapili baada ya ibada wanakaa barazani, bibi anasema, mama mdogo anasahihisha, mimi naandika. Kwa neno la shukrani mwishoni, ndaga fijo, hapakuwa na mjadala. Mistari minne ya mwanzo imekamilika. Wa tano unahusu mgeni kuombwa avue viatu mlangoni, na hapo tumekwama wiki ya tatu sasa: bibi alizaliwa Kyela na analisema neno hilo kivyao, mama mdogo anataka lisomeke kama wanavyosema huku juu. Jana bibi ametuma ujumbe kwamba amempata mzee mmoja wa Selya, eneo jingine la Wanyakyusa, na tumwite aje Jumapili tumsikilize.